Tafakari na Majeraha ya Mapendo ya Kwanza: Tujifunze Kutoka Lukole



Mpendwa msomaji, wapo waamini wanaosali kila siku, hawakosi Misa ya Dominika, wanashiriki jumuiya bila kuchoka, na bado ukiwauliza kama wanaamini kwamba Mungu anawapenda wao binafsi, wananyamaza kidogo kabla ya kujibu. Fundisho wanalijua. Moyo ndio unaosita. Mara nyingi watu wa namna hii huambiwa kuwa imani yao ni haba, waongeze novena. Katika makala hii tunataka kueleza kwamba kwa wengi wao shida ni jeraha la zamani, la tangu utotoni, na kwamba sala ya tafakari inaweza kusaidia sana kuliponya, ikifanywa kwa namna inayofaa na bila kumwacha mtu peke yake.

Tutalieleza jambo hili tukiitazama Lukole, wilayani Ngara, mkoani Kagera, mahali ambapo maelfu ya watoto walijifunza mapema mno kwamba mtu unayempenda anaweza kuondoka asirudi.

Mwambatano ni nini?

Tunatumia neno "mwambatano" kwa sababu Biblia yetu ya Kiswahili imeshatuzoesha mzizi wake: katika kitabu cha Mwanzo, mume huwaacha wazazi wake na kuambatana na mkewe. Kuambatana ni zaidi ya kukaa karibu. Ni kushikamana kiasi kwamba mmoja akiondoka, mwingine anahisi amepungukiwa. Kabla mtu hajaambatana na mwenzi wa ndoa au na wito wake, alishaambatana na mtu mmoja au wachache waliomlea: mama, baba, bibi, shangazi, dada mkubwa. Hicho ndicho kifungo cha kwanza.

Aliyeanza kukichunguza kwa utaratibu ni daktari Mwingereza, John Bowlby. Mwaka 1951 aliandika ripoti kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto waliobaki bila makao na malezi ya wazazi baada ya Vita Kuu ya Pili. Alionyesha kwamba chakula, nguo na paa havitoshi. Mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa upendo, wa kudumu, na mtu anayemfahamu. Akiukosa, anaumia hata kama tumbo limeshiba.

Wengi wetu hatujui kwamba sehemu kubwa ya elimu hii ilizaliwa jirani yetu. Kati ya mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala na kuwaangalia watoto wachanga 28 pamoja na mama zao. Hakuwaita maabara. Aliketi nao nyumbani, akatazama mtoto analia lini, anamkimbilia nani, anatambaa kwenda wapi. Aliona kwamba mtoto aliye na uhakika na mama yake humtumia kama kituo: huondoka kwenda kuchezea vitu, hugeuka kumtazama, hurudi, kisha huenda tena mbali zaidi. Aliona pia kwamba akina mama walioweza kumweleza mtoto wao kwa undani, anapenda nini na anaogopa nini, mara nyingi ndio waliokuwa na watoto wenye utulivu. Matokeo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967. Kwa hiyo tukizungumza habari za mwambatano hatuzungumzi mambo ya Wazungu tu. Akina mama wa ng'ambo ya Kagera ndio walioifundisha dunia.

Baadaye ilielezwa vizuri zaidi kwamba mtoto ambaye mlezi wake hatabiriki huwa na hofu: hung'ang'ania, hulia, na hata akibebwa hatulii. Mtoto ambaye kilio chake hakijibiwi hujifunza kutolia. Anaonekana mtulivu, kumbe amekata tamaa ya kuitikiwa. Na mtoto ambaye mlezi wake ndiye chanzo cha hofu huchanganyikiwa, kwa maana anataka kukimbilia kwa mtu yule yule anayemkimbia. Haya ndiyo majeraha tunayoyazungumzia, na yanaweza kudumu hadi utu uzima.

Lukole: watoto waliojifunza kuondokewa

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya Warundi wakaikimbia nchi yao. Miezi michache baadaye, kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa ishirini na nne hivi. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi walibaki, na Lukole, iliyogawanyika katika Lukole A na Lukole B, ikawa kama mji wa vibanda vyenye turubai za plastiki, wenye watu karibu 100,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Kambi ilifungwa mwaka 2008.

Tufikirie kambi hiyo kwa macho ya mtoto wa miaka mitatu. Wapo waliopoteana na mama njiani usiku. Wapo waliobebwa na jirani ambaye hawakuwahi kulala nyumbani kwake. Wapo waliofika na mama aliyekuwa hai lakini aliyenyamaza, asiyeweza tena kucheka na mtoto kwa sababu ya aliyoyaona. Na baba? Simon Turner, mtaalamu wa anthropolojia kutoka Denmark aliyefanya utafiti Lukole katika miaka ya 1997 na 1998, aliwasikia wakimbizi wakisema kwamba UNHCR ndiyo iliyokuwa mume aliye bora. Maana yake ni chungu: mahindi, maharage na mafuta yalitoka kwa shirika, na baba hakuwa tena na cha kumpa mwanawe ila kusubiri foleni pamoja naye. Mtoto alikua akimwona baba kama mtu asiye na la kufanya.

Watu wa Rwanda na Burundi wana neno "ihahamuka" kwa mateso ya aliyejeruhiwa na hofu kuu. Neno hilo huhusishwa na mapafu: mtu amekatika pumzi. Tulishike neno hili, tutalirudia.

Haya si historia iliyokwisha. Mtoto aliyevuka mpaka akiwa na miaka mitatu sasa ni mzazi. Waliozaliwa Lukole mwaka 2000 ni rika letu sisi mafrateri. Baadhi wako Burundi, baadhi Tanzania, baadhi mbali zaidi. Nao wenyeji wa Kagera wana majeraha yao. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini walitoka mkoa huu mwaka 1983, na baada ya hapo nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu. Tukiongeza wazazi waliokwenda mjini kutafuta maisha, na watoto waliohamishwa kutoka kwa ndugu mmoja hadi mwingine, tunaona kwamba katika kila benchi la kanisa anaweza kuwapo mtu mwenye jeraha hili.

Jeraha linavyoingia katika sala

Sisi Wakristo tunamwita Mungu Baba. Neno hilo halitui katika moyo mtupu. Linatua juu ya kumbukumbu ya baba na mama tuliowajua. Wanasaikolojia Lee Kirkpatrick wa Marekani na Pehr Granqvist wa Sweden wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na wanaeleza njia mbili. Wengine humhusisha Mungu na mlezi wao: aliyelelewa kwa upendo humkaribia kwa urahisi, aliyekataliwa huona Mungu yuko mbali. Wengine, kwa kukosa mlezi wa kuaminika, humtafuta Mungu kwa nguvu zaidi ili awe kwao kile walichokosa. Mtu mmoja anaweza kuzipitia njia zote mbili.

Mwenye jeraha la hofu husali sana lakini hapumziki. Anahesabu sala, akikosa rozari siku moja anadhani Mungu amekasirika. Mwenye jeraha la kujikinga anaweza kupenda ukimya na hata kusifiwa kwa ukimya huo, lakini ndani yake hakuna mazungumzo, amejificha. Aliyechanganyikiwa husogea na kurudi nyuma: wiki mbili yumo katika kila kikundi cha sala, mwezi mzima haonekani.

Kwetu tunaojiandaa kwa upadre jambo hili lina uzito wa pekee. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Pastores dabo vobis wa mwaka 1992, alifundisha kwamba malezi ya kibinadamu ni msingi wa malezi yote ya kipadre. Padre mwenye jeraha asilolijua anaweza kuwadai waamini mapendo aliyoyakosa utotoni, au akawafungia mlango wanapomkaribia. Parokia nzima italipa deni la utoto wa mtu mmoja.

Tafakari inaponya namna gani?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatofautisha sala ya sauti, tafakari na taamuli. Katika tafakari tunatumia akili, fikira, hisia na utashi mbele ya Neno la Mungu, ili tulipokee na kuliishi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye mwenyewe alifiwa na mama akiwa mdogo sana na kulelewa na mke wa mhunzi, alifundisha kuingia katika tukio la Injili: kuona mahali, kusikia sauti, kusimama miongoni mwa watu, kumwacha Bwana atutazame.

Uponyaji uko katika nini? Jeraha la mwambatano ni somo ambalo mwili ulijifunza kwa kurudiarudia: nikilia hakuna anayekuja. Somo hilo halifutwi kwa hoja. Linafutwa kwa somo jingine linalorudiwa vilevile: nikija, Yupo, nikisinzia, Yupo, nikinyamaza, hajakasirika. Ndiyo maana dakika kumi za kila siku, mahali palepale, zina faida kuliko mkesha mmoja mkubwa kwa mwaka. Mtoto naye hajengi uhakika kwa sikukuu moja; huujenga kwa sababu mama anarudi kila jioni.

Tuna mfano wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Alizaliwa tarehe 2 Januari 1873, na kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa alipelekwa kijijini kwa mama wa kumnyonyesha, akakaa huko zaidi ya mwaka mmoja. Aliporudi alimlilia mama yule. Mwaka 1877 mama yake mzazi alifariki, Teresia akiwa na miaka minne na nusu. Akamchagua dada yake Paulina kuwa mama wa pili, naye Paulina akaingia utawani Oktoba 1882. Miezi michache baadaye mtoto aliugua ugonjwa wa kutisha, wenye mitetemeko na hofu, akapona tarehe 13 Mei 1883 mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Hata hivyo hakumaliza safari siku ile. Aliendelea kuwa mtu wa kulia kwa jambo dogo hadi Noeli ya mwaka 1886. Katika utawa alikuza ile njia ndogo: kumwendea Mungu kama mtoto anayetaka kubebwa. Aliposinzia wakati wa tafakari hakujilaumu, akikumbuka kwamba wazazi huwapenda watoto wao hata wakiwa usingizini. Huyu ndiye mtoto aliyeachwa mara tatu, na Kanisa limemfanya Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba tafakari yatosha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauliza huzuni inatulizwa na nini, na anataja dawa tano: furaha, machozi, huruma ya marafiki, kuutazama ukweli, na mwisho usingizi pamoja na kuoga. Tunaosoma falsafa tunalipenda orodha hiyo kwa sababu ya unyofu wake. Kuutazama ukweli, yaani taamuli, kumo. Lakini marafiki wamo pia, machozi yamo, na hata ndoo ya maji imo. Binadamu ni roho na mwili. Jeraha lililoletwa na watu linahitaji pia watu ili lipone.

Namna ya kufanya

Tunapendekeza hatua zifuatazo, rahisi kwa mkulima, mwanafunzi au mama wa nyumbani.

1. Chagua mahali na saa moja isiyobadilika. Dakika kumi zinatosha kuanzia. Kanisani, chini ya mwembe, au kitandani kabla wengine hawajaamka.

2. Keti vizuri, miguu iguse ardhi. Usilazimike kufumba macho. Aliyepitia vita anaweza kujisikia salama zaidi akiangalia msalaba, mshumaa au majani ya mgomba.

3. Anza na pumzi. Vuta polepole, toa polepole zaidi, mara kadhaa. Hapa turudi kwenye ihahamuka: hofu ilikata pumzi, basi sala na ianze kwa kuirudisha. Katika kitabu cha Mwanzo mtu alianza kuishi Mungu alipompulizia pumzi.

4. Soma kifungu kifupi, mara mbili. Zaburi ya 131 inamwonyesha mtoto aliyetulia kwa mama yake. Isaya 49 inauliza kama mama aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, na kuahidi kwamba Mungu hasahau. Zaburi ya 27 inamtaja aliyeachwa na baba na mama, akapokelewa na Bwana. Marko 10 inamwonyesha Yesu akiwakumbatia watoto ambao wanafunzi waliwazuia.

5. Ingia katika picha hiyo ukiwa ulivyo leo. Kama huwezi kukaribia, simama mbali. Mwambie Bwana ukweli: "Naogopa", au "Sikuamini bado". Hiyo ni sala halali. Zaburi zimejaa maneno ya namna hiyo.

6. Kumbukumbu chungu ikija, usiifukuze kwa nguvu na usiichimbe. Itaje mbele ya Bwana, kisha rudi kwenye pumzi na kwenye kile unachokiona mbele yako.

7. Maliza kwa Baba Yetu, polepole, ukikaa kidogo kwenye neno la kwanza. Ukishindwa kulitamka neno "Baba" siku hiyo, anza na Salamu Maria. Mama huyu huwapeleka watoto kwa Mwanae.

Tahadhari

Kwa baadhi ya watu ukimya hufungua mlango ambao bado hawawezi kuufunga. Mtu akianza kuota ndoto za kutisha kila usiku, kutetemeka, kuona matukio ya zamani kana kwamba yanatokea sasa, au kutamani kufa, aache tafakari ya kimya kwa muda, asali na wengine kwa sauti, na aende hospitali kumwona mhudumu wa afya ya akili. Kwenda huko si kukosa imani. Tunakunywa dawa ya malaria na tunasali. Na kwa majeraha ya moyo tufanye vivyo hivyo.

Pia isitumike tafakari kumlazimisha mtu asamehe haraka, wala kumrudisha mtoto au mke kwa mtu anayemuumiza. Usalama hutangulia. Huwezi kuponya mguu ambao bado unakanyagwa.

Mtu wa pili ni wa lazima

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, ulionyesha kwamba wakimbizi wenyewe, wakifundishwa vizuri, wanaweza kuwa washauri na kuwasaidia wenzao Wanyarwanda na Wasomali waliojeruhiwa na vita. Sehemu kubwa ya msaada ilikuwa kusikiliza: mtu anasimulia maisha yake kwa utaratibu, na mwingine hakimbii.

Hili Kanisa la Ngara lilishalionja. Wajesuiti, kupitia shirika lao la kuhudumia wakimbizi, JRS, walianzisha Radio Kwizera mwaka 1995 kwa ajili ya watu wa makambi. Kwizera kwa Kirundi ni kuamini na kutumaini. Kabla ya hapo Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa kwetu ili tuufumbue kama kitendawili, bali tuuige: Nafsi tatu zinashirikishana uhai, nasi tushirikishane. Ndiyo maana alizipigania Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Katika jumuiya ya kaya kumi au kumi na tano, mtu asipoonekana anaulizwa. Kwa aliyewahi kuachwa, swali "Mbona jana hukuja?" ni dawa.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji mambo mawili. Anayeanza tafakari hii atafute mtu mmoja wa kumwambia kila wiki kinachoendelea: baba wa kiroho, katekista, mama wa ubatizo, rafiki mwaminifu. Na jumuiya zetu zijifunze kusikiliza bila kuharakisha ushauri. Mtu akisema, "Sijui kama Mungu ananipenda", tusimjibu mara moja kwa aya. Tuketi naye. Jumamosi ijayo turudi tena, na ile inayofuata. Huenda kurudi kwetu ndiko kutakakomfanya asadiki kwamba Bwana naye hajaondoka.

Mama Maria, Afya ya Wagonjwa na Mfariji wa Wenye Uchungu, utuombee.